Mhasibu Mkuu na Mwenye Kipandauso

Mwaka 1955, katika mji wa Rangoon, mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, kijana kwa umri lakini mkubwa kwa mali na heshima, ambaye alikuwa amezunguka Uswisi, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani akitafuta tabibu wa kumwondolea kipandauso kilichomlazimu kudungwa sindano za mofini, alishauriwa na rafiki yake aende kwa mtu aliyekuwa akifundisha taamuli ya Kibudha katika viunga vya mji. Naye alipofika, akayaeleza maradhi yake kwa adabu na akaomba apokewe, alikataliwa. Mfanyabiashara huyo aliitwa S. N. Goenka. Aliyemkataa, U Ba Khin, hakuwa mtawa wala mganga. Alikuwa mtumishi wa serikali, Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Burma huru, aliyekabidhiwa cheo hicho siku ileile nchi yake ilipojitawala, tarehe 4 Januari 1948. Hoja yake ilikuwa kwamba mafunzo haya yamewekwa kwa ajili ya kung'oa mizizi ya mateso ndani ya nafsi, na kwamba anayeyajia kama dawa ya kichwa anayashusha thamani. Goenka alipokelewa baadaye, alipobadili ombi.

Kisa hiki nimekirudia mara nyingi moyoni, wala si kwa ajili ya ukali wake, bali kwa sababu ndani yake mna swali ambalo mtu asiyeikubali akida ya Kibudha, asiyesadiki kwamba wafu huzaliwa tena wala kwamba mbingu zimepangwa tabaka juu ya tabaka, lakini ambaye alfajiri huketi chini, akafumba macho na kuzifuata pumzi zake kama walivyoelekezwa watawa wa kale, hana njia ya kulikwepa: yeye amekuja kuomba nini?

Aghalabu husemwa kwamba taamuli hii ilikuwa mali ya mahekalu mpaka Wamarekani walipoivua joho la dini wakaivika koti jeupe la daktari. Usemi huo unapendeza, ila si sahihi. Kazi ya kuitoa taamuli utawani na kuitia mikononi mwa raia wa kawaida ilianza Burma kwenyewe, na chanzo chake kilikuwa msiba wa dola. Mwaka 1885 Waingereza waliuteka mji wa Mandalay, wakamkamata Mfalme Thibaw na kumhamishia India, na kwa pigo hilo moja dini ilimpoteza mlinzi wake, maana katika nchi ile mfalme ndiye aliyekuwa akiwakimu watawa na kuwasimamia. Miongoni mwa watawa walioingiwa na hofu kwamba mafunzo yatatoweka alikuwamo Ledi Sayadaw, aliyezaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1923, mwanachuoni aliyeandika kwa lugha nyepesi ya watu wake, akasafiri mji baada ya mji akihubiri jambo ambalo kabla yake wachache walithubutu kulitamka: ya kwamba mkulima na mwenye duka, pasipo kunyoa kichwa wala kuacha mke, aweza kuketi na kuitazama nafsi yake kwa namna ileile ya watawa. Mmoja wa waliomfuata, Saya Thetgyi, alikuwa mkulima hasa. Na kwa mkulima huyo, mwaka 1937, ndipo U Ba Khin, wakati huo akiwa karani, alipojifunza. Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944 waliijua Burma kwa mvua, kwa homa na kwa risasi za Wajapani, na wala hawakupewa wasaa wa kujua kwamba katika nchi hiyohiyo walimokuwa wakizikana walikuwako watumishi wa ofisi waliokuwa wakikaa kimya, saa za kazi zilipokwisha, wakihesabu kitu kisichokuwa fedha.

U Ba Khin alipopanda cheo hakuikimbia kazi akajificha msituni. Mwaka 1950 aliasisi chama cha taamuli ndani ya ofisi ya Mhasibu Mkuu yenyewe, walio chini yake kazini wakawa wanafunzi wake, na mwaka 1952 kikaanzishwa kituo chake mjini Rangoon, chenye pagoda iliyozungukwa na vijumba vya kukalia peke yako. Serikali ilimwamini kiasi cha kumtwika zaidi ya idara moja kwa wakati mmoja. Aliendelea na utumishi mpaka mwaka 1967, akafariki mwaka 1971. Mimi huona katika mafunzo yake tabia ya mtu wa hesabu. Kozi ina siku kumi, muda ambao mtumishi aweza kuuombea likizo. Kila saa imepangiwa shughuli yake. Na kila kinachozuka mwilini sharti kitazamwe, kitambulikane kwamba kimeingia na kwamba kitatoka, bila ya kuongezewa wala kupunguzwa na mtazamaji. Ikiwa huo ndio mwanzo wa taamuli isiyo ya mahekalu, basi ulianzia mezani pa ofisi, katika nchi iliyokuwa imetawaliwa, kwa watu ambao dini yao waliipenda sana. Na jambo hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kuyatenga haya na ibada ni uvumbuzi wa watu wasioamini.

Na shughuli yenyewe ni ipi? Asiyepata kuifanya huidhani kuwa ni mapumziko, kitu cha mkeka, upepo na ukimya mtamu. Katika kozi za mlolongo huu kengele hulia saa kumi za alfajiri, na nusu saa baadaye watu wamekwisha kuketi. Chakula cha mchana huliwa saa tano, na jioni mgeni hupata chai na tunda tu. Hakuna kusema na mwenzio, wala kusoma, wala kuandika, wala simu, hadi siku ya kumi. Siku tatu na nusu za kwanza mwanafunzi hana kazi nyingine ila kuiangalia pumzi ya asili jinsi inavyopita katika mianzi ya pua na kuugusa mdomo wa juu. Haibadilishi, haivuti kwa nguvu, haiambatishi neno wala sura. Baada ya hapo huipitisha fahamu yake mwilini kiungo kwa kiungo, kutoka utosini hadi vidole vya miguu, akitazama joto, baridi, mwasho, uzito, mdundo, ganzi, na mara tatu kwa siku huketi saa nzima akiwa ameazimia asifungue macho wala mikono wala miguu.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa na utajiri, na hapo ndipo mwandishi wa makala mafupi hana budi kupunguza mwendo. Mtu anapokaa hivyo akili humtoroka mara moja. Humwendea mdeni wake, humrudia jirani aliyemjibu vibaya, huenda ikahesabu mifuko ya saruji ya nyumba ambayo haijajengwa, na mwenye akili hiyo huja kugundua, dakika kadhaa baadaye na kwa fedheha kidogo, kwamba safari yote hiyo ilifanywa bila ya ruhusa yake. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni goti. Ikikaribia kutimia saa, goti huanza kuwaka, na moto huo hujaa kichwani kiasi kwamba hakuna kinachobaki duniani ila goti; na hapo mwanafunzi akikumbuka alichoambiwa, akalitazama lile goti kama alivyokuwa akilitazama sikio au kiwiko ambavyo havikumdai kitu, huona kwamba kile alichokiita maumivu kimefungamana na mambo mawili yaliyo mbalimbali: kuna joto, mbano na mdundo, ambavyo vinabadilika kila nukta na ambavyo pengine vinavumilika; na kuna maneno, kwamba mguu utalemaa, kwamba saa imekwisha zamani, kwamba msimamizi amesahau kengele, kwamba ilikuwa upuuzi kuja. Maneno yakitambulikana kuwa ni maneno, joto hubaki joto. Pengine hutawanyika, pengine halitawanyiki, na kengele hulia nalo lipo.

Sasa, aliyeionja hali hii siku ya nne, akaifurahia, huketi siku ya tano akiwa na hila: atalitazama goti ili limwache. Halimwachi. Kutazama kwa nia ya kufukuza si kutazama. Ni kusukuma, na mwili unajua tofauti hiyo kabla ya mwenyewe kuijua, ukajikaza, na maumivu yakawa magumu kuliko ya jana. Ndipo ninapodhani kwamba U Ba Khin, alipomrudisha mwenye kipandauso, hakuwa akiuhami utukufu wa dini yake peke yake. Alikuwa akisema jambo la ufundi. Anayeketi ili kichwa kipone amebeba ndani ya ombi lake kizuizi cha kulipata, kwa kuwa kila pumzi atakayoifuata ataifuata kwa jicho moja, ilhali la pili likichungulia kama kichwa kimepungua.

Mwaka 1979, kwenye hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts katika mji wa Worcester, mlango ulifunguliwa ulio kinyume kabisa na ule wa Rangoon. Jon Kabat-Zinn, mwenye shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli, ambaye alikuwa ameketi na walimu wa Kikorea na wa mlolongo wa Burma, aliwaomba madaktari wampelekee wagonjwa ambao wao wenyewe walikuwa wamefikia kikomo nao: wenye migongo isiyopona, wenye vichwa visivyotulia, wenye maumivu ya miaka na miaka. Aliwawekea majuma kumi, ambayo baadaye yalipunguzwa yakawa nane, na dakika 45 za mazoezi nyumbani, siku sita kwa juma. Zoezi lao la kwanza lilikuwa kulala chali na kuipitisha fahamu mwilini kiungo kwa kiungo, nalo asili yake ni mafunzo ya U Ba Khin. Hivyo ufundi wa yule aliyemkatalia mgonjwa wa kichwa ukawafikia wagonjwa wa kichwa, kwa njia ndefu, chini ya taa za hospitali. Mwaka 1982 alichapisha habari za wagonjwa 51 wa maumivu sugu, ambao wengi wao walieleza nafuu; hawakulinganishwa na kundi la wagonjwa wengine wasiofundishwa, na kwa hiyo kwa mizani ya sayansi ushahidi ule ulikuwa mwepesi, japokuwa ulitosha kuwafanya wengine watake kujua zaidi.

Lakini yatazameni aliyowafunza. Aliwaambia wasihangaikie matokeo. Aliwaambia kwamba kwa muda wa mazoezi wasijaribu kufika popote, wala kuwa watulivu, wala kuyapunguza maumivu, wayatazame tu. Kwa maneno mengine, mlango wa Rangoon ulilikataa ombi la mgonjwa akiwa bado nje, na mlango wa Worcester ulimpokea pamoja na ombi lake kisha, akishakaa, ukamsihi aliweke chini. Mimi kwa huruma niko upande wa Worcester, kwa kuwa sijaona ni kwa haki gani aliye katika maumivu atakiwe kwanza aitakase nia kabla ya kuonyeshwa mahali pa kukaa. Nani huja popote na nia safi? Kwa uaminifu, hata hivyo, niko upande wa Rangoon, maana pale mtu aliambiwa mapema kile ambacho kule hukigundua juma la tatu, baada ya kusononeka.

Goenka aliondoka Burma mwaka 1969, akaendesha kozi yake ya kwanza Bombay kwa watu 14, wawili kati yao wakiwa wazazi wake, na kabla hajafariki mwaka 2013 vituo vyake vilikuwa vimeenea duniani, hata Afrika ya Kusini, karibu na mji ambao, kwa mzaha wa ramani, nao unaitwa Worcester. Mwaka 1994 zaidi ya wafungwa 1,000 waliketi pamoja siku kumi katika gereza la Tihar mjini Delhi. Daima alisisitiza kwamba anachofundisha si dini, kwamba Mhindu abaki Mhindu na Mwislamu abaki Mwislamu, na nadhani alilisema kwa moyo safi, kwa sababu yeye mwenyewe, Mhindu wa ukoo wa kushika mila, alikuwa ameuogopa mlango wa U Ba Khin kwa kuchelea kubadilishwa dini. Hata hivyo, sharti mojawapo la kuingia ni kuziacha kwa siku zote hizo sala na ibada nyingine zozote, ili njia ijaribiwe bila ya kuchanganywa. Sababu hiyo naielewa. Walakini kwa Mwislamu wa pwani yetu, ambaye sala tano si mapambo ya siku bali ndizo siku yenyewe, na ambaye hana ruhusa ya kuziacha maadamu akili yake ni timamu, sharti hilo ni ukuta. Na ni ukuta ambao asiyekuwa na dini hauoni, kwani yeye hakuwa na kitu cha kuacha upande wa nje. Fauka ya hayo, alfajiri husikika nyimbo za Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, na jioni katika darasa husikika habari za athari zilizohifadhiwa kutoka maisha yaliyopita. Anayeketi pale akidhani amewekwa mahali pasipo na akida hajatega sikio vya kutosha.

Wasomaji wangu wa Lamu na Unguja watakuwa wamekwisha kuuliza kwa nini twende mbali, ilhali Imamu Ghazali katika Ihya ana kitabu kizima kuhusu kuichunga nafsi na kuihasibu, na watu wa tarika zetu hawajaacha kukifanyia kazi. Swali lao ni la haki, na ulinganifu upo: kule na huku mtu hukaa peke yake, akakichungua kile kinachompitia moyoni kabla hakijawa neno au tendo. Tofauti iko mahali pamoja, nayo ni pana. Anayeichunga nafsi yake kwa njia ya Ghazali hufanya hivyo akijua kwamba Yupo anayemchunga yeye, na ujuzi huo ndio unaompa haya, na haya ndiyo inayompa uangalifu. Katika taamuli ya Kibudha hakuna aliye nyuma ya mtazamaji. Hata huyo mtazamaji mwenyewe hutazamwa, na huambiwa kwamba akitafutwa vya kutosha hataonekana. Kwa mtawa jambo hilo limezungukwa na watu, na sheria, na bakuli la kuombea chakula asubuhi, kwa hiyo hakai katika utupu. Kwa mtu wa kisasa anayeketi chumbani kwake bila ya Mungu na bila ya jamaa ya watawa, ni upweke wa aina yake, na nawaonea ajabu wanaousifia kana kwamba ni uhuru mtupu.

Stephen Batchelor, Mwingereza aliyewahi kuwa mtawa katika mapokeo ya Kitibeti na kisha ya Kikorea, akavua kanzu ya utawa na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichowaliwaza wengi walio katika hali hiyo, hushauri kwamba mafundisho ya Budha yachukuliwe kama kazi za kutenda, si kauli za kusadiki. Naikubali rai hiyo kwa sehemu kubwa. Lakini miongoni mwa kazi hizo, ile inayotajwa mwanzo kabisa katika mapokeo si kuketi. Ni kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo. U Ba Khin alianzia hapo, na katika kozi za Goenka hakuna anayefundishwa pumzi kabla hajaahidi hayo kwa siku zake za kozi. Hospitali haiwezi kumtaka mgonjwa ahadi ya namna hiyo, wala sitaki iweze. Ila matokeo yake ni kwamba mwenye nyumba anayewapandishia wapangaji kodi kwa dhuluma aweza kuimarika katika taamuli, akalala vizuri zaidi, akawafukuza kwa sauti ya upole. Majeshi yamewafundisha askari wao, na makampuni yamewafundisha watumishi ambao dawa yao halisi ilikuwa mshahara wa haki. Katika yote yaliyoachwa njiani kati ya Rangoon na Worcester, sihuzuniki kwa habari za kuzaliwa tena. Nahuzunika kwa hilo.

Kuhusu manufaa, sayansi imekuwa na kiasi kuliko wauzaji. Mwaka 2014 watafiti walioyakusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515 walikuta ithibati ya wastani kwamba mafunzo kama haya hupunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo, basi. Hawakukuta kwamba yanapita dawa au mazoezi ya viungo. Si haba, na wala si muujiza. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walichapisha masimulizi ya watendaji na walimu kuhusu upande usiotangazwa: hofu inayovamia bila ya sababu, usingizi unaopotea, hisia ya kwamba mimi si mimi tena, kwa wengine kwa muda mrefu. Mapokeo ya kale yalizifahamu hatari hizi na yaliandika habari zake, na ndiyo maana hayakumwacha mtu aketi muda mrefu pasipo mwenyeji. Katika kozi za siku kumi mwalimu hukaa saa sita mchana kuwapokea wanafunzi mmojammoja, na usiku, baada ya saa tatu, hubaki ukumbini kwa ajili ya mwenye swali. Nao wanaoiuza taamuli kwa simu, kwa malipo ya kila mwezi, hawajatuambia bado ni nani kati yao anayebaki ukumbini.